Sura ya Sita: Sahihi Iliyozidi

Koplo hakupenda mtuhumiwa anayefika kabla yake. Kwa uzoefu wake mwenye hatia huchelewa, asiye na hatia hufika kwa wakati, ila huyu anayewahi nusu saa nzima humpa mpelelezi kazi ya ziada: ama amejiandaa kudanganya, ama ameshakata tamaa. Mwanamume aliyemkuta kwenye chumba cha mikutano asubuhi ile alikuwa amekaa wima, magoti ameyabana, daftari la jalada gumu mapajani, na shavu la kushoto limevimba kama ana pipi mdomoni.

"Wewe ndiye Kobe?"

"Ndivyo wanavyoniita, Afande."

"Na mimi wananiita Koplo. Nilistaafu na cheo kikubwa kuliko hicho, lakini jina likishaganda limeganda. Hebu tuanze."

Mama huyu alivuta kiti, akaweka simu kifudifudi mezani na kufungua kalamu. Kesi yenyewe alikuwa ameisoma tangu jana yake. Ofisi hii ilikuwa inatengeneza toleo lake la Linux, ule mfumo wa kompyuta ambao mtu yeyote ana ruhusa ya kuuchukua, kuufungasha upya na kuugawa. Shule ziliutumia, halmashauri ziliutumia, na hospitali kadhaa pia. Jumatatu asubuhi, sista mmoja wa benki ya damu alichomoa lebo kwenye mashine, akaisoma, akaisoma tena, kisha akazuia kila mfuko uliokuwa kwenye jokofu. Lebo ilisema damu imetolewa jana na imeisha muda wake tarehe mosi Januari 1970. Mifuko mia mbili na kumi na miwili ilikuwa imekaa pale bila lebo ya kuaminika, na madaktari walikuwa wanapangua ratiba za upasuaji.

Chanzo kilipatikana upesi: kifurushi kimoja cha programu kilichoingia Jumamosi ghalani, mahali kompyuta zote za wateja huchukulia programu, kikiwa na sahihi ya kidijitali ya Kobe. Leo saa kumi jioni Baraza la ofisi lingekaa na kumnyang'anya ufunguo wake wa kutia sahihi. Kwa watu wa fani hii, aliyenyang'anywa ufunguo amekwisha. Hakuna ofisi nyingine itakayompa mwingine, na Kobe alikuwa na miaka hamsini na minne na hajui kazi nyingine.

"Nieleze kama unavyomweleza shemeji yako," alisema Koplo.

"Shemeji yangu ni dereva wa lori."

"Vizuri zaidi."

Kobe alishika shavu, akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla hata ya kupiga chafya. "Maktaba ni faili lenye kazi zilizokwisha andikwa. Programu haina haja ya kujifunza kuhesabu tarehe, inaazima kwenye maktaba ya tarehe. Mimi ndiye naitunza hiyo. Programu zinazoazima kwangu tunaziita wategemezi. Nyumbani ninao wanne, hapa ninao mia moja thelathini na mmoja."

"Wa nyumbani wana nafuu au wa hapa?"

"Wa hapa hawaombi viatu."

Koplo alicheka kwa pua, akamwashiria aendelee.

"Maktaba yenyewe ina namba. Namba nne, ya zamani, iliweka kila tarehe kwenye sanduku dogo. Miaka si mingi sanduku hilo litajaa, ndiyo maana tukatengeneza namba tano, yenye sanduku kubwa mara mbili. Programu iliyojengwa kwa nne haiwezi kusoma masanduku ya tano. Kwa hiyo sheria ni moja tu: zote mbili zinakaa ghalani, kila moja na jina lake, hadi mtegemezi wa mwisho ajengwe upya."

"Na programu ya lebo za damu?"

"Bado iko kwenye nne. Wenyewe hawajaijenga upya. Nimewaandikia mara sita."

"Jumamosi kikaingia nini?"

"Kifurushi kinachojiita nne, lakini ndani hamna kitu. Kuna kiungo tu. Ukiita nne, unapelekwa kwa tano."

"Mtu kabadilisha kibao cha mlango."

"Hivyo hivyo, Afande. Programu ya lebo ikakabidhiwa sanduku kubwa, ikasoma nusu ya kwanza kuwa ndiyo siku damu ilipotolewa, na hapo ikapatia. Nusu ya pili, ambayo ni sifuri tupu, ikaidhania ndiyo siku damu inapoisha. Na kwa kompyuta, sifuri ni mosi Januari 1970."

Koplo aliandika *sifuri = 1970*, akapiga mstari chini yake. Alipenda kosa linaloeleweka. "Sasa niambie kwa nini ulifanya hivyo."

"Sikufanya."

"Sahihi ni yako."

"Sahihi ni yangu. Kazi si yangu." Sauti yake ilipanda kidogo, kisha ikarudi. "Kifurushi kilitiwa sahihi Jumamosi saa saba mchana. Saa saba mimi nilikuwa kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo wazi."

"Jino halinisaidii. Kompyuta unaweza kuiachia maagizo, ikafanya wewe ukiwa unakoroma. Nipe kitu kingine."

Kobe alisita. Halafu akaliweka daftari mezani, akalifungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Mistari myembamba, tarehe, jina la kifurushi, na pembeni namba. Mstari wa chini kabisa ulikuwa wa Jumatano iliyopita: 1,212.

"Ufunguo wangu unakaa ndani ya kadi," alisema, akivuta uzi shingoni. Kadi ndogo ikatokeza kwenye kola ya shati. "Kadi hii inahesabu yenyewe kila inapotia sahihi. Huwezi kuirudisha nyuma. Mimi nami naandika, kwa sababu… basi tu, naandika."

"Daftari mtu anaandika anachotaka. Ichomeke kadi."

Waliichomeka kwenye kompyuta ya chumba cha mikutano, mbele ya macho ya Koplo. Skrini ikaonyesha: sahihi 1,212.

"Kadi hii unaitumia kwa nini kingine? Barua? Kuingia mlangoni?"

"Vifurushi tu. Kila sahihi ina kifurushi chake ghalani."

Koplo alisimama, akafungua mlango na kumwita Katibu. Huyu alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa kamba, na ndiye aliyeshika madaftari, mihuri na kabati la chuma la ofisi tangu ofisi ianze. Koplo alimwomba jambo moja: ahesabu ghalani vifurushi vyote vilivyowahi kuingia kwa ufunguo wa Kobe, tangu siku ya kwanza hadi leo.

Katibu alirudi baada ya dakika kumi na karatasi. "Elfu moja mia mbili na kumi na tatu."

Kobe alitazama karatasi, akatazama kadi yake, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile mabega yake yalishuka.

"Sahihi moja imezidi," alisema Koplo. "Bwana Kobe, nenda kanywe kitu cha baridi. Usiondoke jengoni."

*

Ofisi nzima ilishamtaja mtu, na Koplo alikwenda moja kwa moja kwake. Kwenye meza ya dirishani aliketi mwanamke wa miaka thelathini na kitu waliyemwita Umeme, kwa vile vidole vyake vilikwenda kasi na mdomo wake zaidi. Yeye na Kobe walikuwa wamerushiana maneno mwaka mzima, mbele ya kadamnasi, kwenye barua za ofisi ambazo kila mtu anazisoma. Umeme alitaka namba nne itupwe. Kobe alisema subiri. Umeme aliandika, "Mzee, tutaisubiri hadi tuote mvi?" Kobe alijibu baada ya siku tatu: "Mimi tayari ninazo."

"Ningekuwa mimi," alisema Umeme hata kabla hajaulizwa, "ningeitupa nne mchana kweupe na jina langu juu. Kuweka kiungo namna ile ni uchafu, Afande. Hata kwa hasira siwezi."

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani na wanangu."

Koplo alimsogezea daftari la mahudhurio la mlinzi wa mlangoni. Jina lake lilikuwepo: kuingia saa tano, kutoka saa nane. Umeme aliliangalia, akauma mdomo. Uso ulimshuka.

"Umenidanganya swali la kwanza tu," alisema Koplo. "Na kifurushi kilitiwa sahihi saa saba. Endelea, nakusikiliza."

"Nilikuja kuchapa." Umeme alishusha sauti. "Mapacha wangu walikuwa na kazi ya shule, kurasa arobaini na picha za rangi. Kuchapa vitu vya nyumbani hapa ni marufuku. Mkuu wa Matoleo, bosi wetu, akijua wino wa rangi umeishia kwenye picha za vyura, nitakoma."

"Nani alikuona?"

"Mkuu mwenyewe. Ila hakujua nachapa nini. Niligonga mlango wake kuazima stepla, akanipa bila kuinua kichwa. Nikashukuru Mungu."

"Jina la Mkuu halimo kwenye daftari."

"Mkuu hajawahi kulisaini hilo daftari tangu azaliwe."

Koplo alilifunga daftari. Picha za vyura zingeweza kuwa za kweli, na bado mwanamke huyu angeweza kuwa ndiye. Alikuwa na sababu, alikuwepo, na alikuwa amedanganya. Kesi nyingine angezifunga kwa hayo matatu. Lakini hakuona mtu huyu akijificha nyuma ya jina la mwingine, na sahihi iliyozidi ilikuwa bado haina mahali ilipotoka.

"Hicho kifurushi," alisema, "umekikagua?"

"Nimekifumua chote." Umeme aligeuza skrini, akafurahi kurudi kwenye mambo anayoyaweza. "Angalia hii. Kila kifurushi kinakuja na hati ya ujenzi. Mashine inaiandika yenyewe: nilijengwa saa ngapi, na kwenye kompyuta niliyojengewa kulikuwa na nini na nini. Sisi tunajenga kwenye chumba kitupu. Kinaundwa upya kila mara, kinafutwa ukimaliza, ili kitu cha pembeni kisije kikachanganyika. Hati ya Kobe ya kawaida ina mistari hamsini, sitini. Hii ya Jumamosi?"

"Ina mingapi?"

"Mia nne kumi na sita. Hiki kilijengwa kwenye kompyuta ya mtu, Afande. Ile ile anayosomea barua na kusikilizia muziki. Kobe kujenga hivyo? Heri uniambie ameingia ofisini bila suruali."

Koplo alitazama orodha ile ndefu ikiteremka, majina na namba za matoleo, na akajua anachokitaka. Kompyuta za watu wawili hazifanani, kama vile makabati ya jikoni ya nyumba mbili.

Akamrudia Katibu. Alimwomba achape orodha ya kila kilichomo kwenye kompyuta zote tisa za ofisi, bila kubakiza hata moja, na azilete chumbani. Koplo mwenyewe aliyakata majina, akaziandika herufi, A hadi I, na karatasi ya kuonyesha herufi ipi ni ya nani akaitia mfukoni. Kisha akawaita Kobe na Umeme, akawaweka vyumba viwili tofauti, kila mmoja na nakala zake na hati ya Jumamosi.

"Tafuteni inayofanana," alisema. "Na asitoke mtu kumtazamia mwenzake."

Umeme alimaliza kwa robo saa. Alitoka na karatasi moja: H. Mistari mia nne kumi na moja ililingana sawasawa, na mitano iliyobaki ilikuwa imesasishwa Jumatatu. Nyingine zote hazikufika hata mia.

Kobe alitumia saa moja na dakika ishirini, akapitia mara tatu, akatoka na karatasi ile ile.

Koplo alitoa mfukoni karatasi ya majina, akaisoma, akairudisha. Hakubadili uso. Ila Katibu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimwona akiifunga kalamu yake, na Koplo hakuwa mtu wa kufunga kalamu kabla hajapata anachokitaka.

*

"Mama Katibu, mtu wenu akifa ghafla, ufunguo wake unakwenda wapi?"

Waliingia kwenye chumba kidogo cha Katibu, kilichojaa mafaili hadi dirishani. Katibu alivuta pumzi. "Kila mtunzaji ana kadi ya pili. Ufunguo ni ule ule. Anaitia kwenye bahasha pamoja na namba ya siri, anaifunga, anasaini juu ya mfuniko, inakaa kwenye kabati la chuma. Sisi tunaiita bahasha ya msiba. Haifunguliwi hadi mwenyewe afe, na Baraza zima liwepo."

"Kabati lina funguo ngapi?"

"Mbili. Mmoja wangu, mmoja wa Mkuu wa Matoleo."

"Jumamosi wako ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nao mwenyewe, kwa dada yangu, mwendo wa saa sita kutoka hapa. Nilikwenda Alhamisi, nikarudi Jumatatu. Tiketi ninazo."

Wakati huo huo Mkuu wa Matoleo alitokea mlangoni. Alikuwa mtu nadhifu, mpole, mwenye tabia ya kuuliza kila mtu kama amekula. Ndiye aliyempigia Koplo simu, kwa kuwa kanuni inataka uchunguzi kabla ufunguo haujachukuliwa. "Afande, tutakuwa tayari saa kumi? Ni utaratibu tu, sitaki tukuchoshe."

"Tutakuwa tayari. Hebu kaa nasi dakika moja, tunatazama bahasha."

Mkuu aliingia. Katibu akatoa bahasha ya Kobe. Sahihi juu ya mfuniko ilikuwa nzima, mistari ya wino ikivuka ukingo wa karatasi bila kukatika hata mahali pamoja.

"Haijaguswa," alisema Mkuu.

"Kwa juu haijaguswa," alisema Koplo, akaipindua.

Watu husaini juu na kusahau kwamba bahasha imegundishwa na chini pia. Ukingo wa chini ulikuwa na gundi nyeupe iliyotoka pembeni na kukauka, ile ile ya kopo lililokuwa kwenye kila meza ya ofisi. Koplo alipitisha kucha pale, karatasi ikaachia yenyewe. Kadi ikateleza hadi kiganjani mwake.

"Kadi hii haijawahi kutumika?"

"Haijawahi," alisema Katibu.

"Basi inatakiwa isome sifuri. Tutaisoma saa kumi, Baraza likiwepo." Aliitia kwenye bahasha mpya, akamwomba Katibu asaini juu, yeye mwenyewe akasaini chini. "Mkuu, wewe umekula?"



*

Baraza lilikuwa na watu watatu: Mkuu, Katibu, na Umeme kama mwakilishi wa watunzaji. Kobe alikaa mwisho wa meza, mbali nao, kadi yake imelala mbele yake kana kwamba ameshaikabidhi.

Koplo hakuketi. Alieleza kinaga ubaga, bila kupandisha sauti: sahihi ghalani 1,213, kwenye kadi ya Kobe 1,212. Kisha akaichomeka kadi ya bahasha. Skrini kubwa ukutani ikaonyesha moja.

"Ile iliyozidi ndiyo hii," alisema. "Na kompyuta iliyojenga kifurushi ni ile niliyoiandika herufi H. Watu wawili ambao mwaka mzima hawakukubaliana hata saa ya chai wameichagua wote. H ni ya Mkuu."

Umeme aligeuka kumtazama jirani yake. Katibu akavua miwani.

"Kompyuta yangu haifungwi," alisema Mkuu taratibu. "Mtu yeyote angeweza kuitumia."

"Nililiwazia hilo. Jumamosi saa saba ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nilikuwa na wageni."

"Mkuu," alisema Umeme, na safari hii hakuwa na haraka, "si uliniazima stepla?"

Koplo alimwacha Mkuu. Alishajua zamani kwamba hapo ukiongeza neno unaharibu.

"Ulibaki mstari mmoja," alisema Mkuu hatimaye. "Kwenye ubao unaoonyesha kazi zilizobaki kabla ya toleo jipya kila kitu kilikuwa kijani, ukabaki mstari mmoja mwekundu: namba nne bado imo. Mara mbili nimechelewesha toleo. Nilisimama mbele ya wateja wote nikawaahidi tarehe, watu wakacheka. Nikasema nikiweka kiungo, ubao utaona nne haina kitu ndani, utageuka kijani. Nilijaribu kwanza. Nilifungua programu ya kalenda, ikafunguka vizuri kabisa."

"Kalenda?" Kobe alikuwa hajasema neno tangu aingie. "Kalenda ilijengwa upya kwa tano tangu mwezi wa pili. Haitazami nne hata kidogo. Ungeifuta nne yote, kalenda ingefunguka vilevile."

Mkuu alimkodolea macho. Ilionekana wazi kwamba hilo hakulijua, na kwamba lilimuumiza kuliko yote yaliyosemwa.

"Na kwa nini sahihi yangu?" aliuliza Kobe.

"Ningetia yangu, watu wangekagua." Mkuu alitazama meza. "Yako hakuna anayeikagua. Halafu hospitali walipopiga simu nikaogopa. Nikasema Kobe ni mtu mzima, ataeleweka, alichoka, alikosea. Nisamehe, ndugu yangu."

Kobe hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe.

Katibu alirudisha miwani, akasogeza kwake karatasi ya uamuzi iliyokuwa imeandikwa tangu asubuhi, akaichana vipande viwili. "Mkuu, funguo zako zote hapa mezani, na kadi. Mengine tutayasikia kesho na mwanasheria. Kobe, chukua kadi yako. Ufunguo unabaki wako."

Koplo alikuwa anakusanya karatasi zake. Kwa upande wake kesi ilikuwa imekwisha. Hakutegemea kumwona Kobe anatikisa kichwa.

"Hapana, Mama Katibu."

"Hapana nini tena?"

"Kadi ya pili ilitembea bila mimi. Namba ya siri ameiona mtu mwingine. Sijui imenakiliwa, sijui haijanakiliwa, na nyinyi hamjui. Ungekuwa ufunguo wa mwingine, ningesema ufutwe leo leo. Kwa hiyo ufutwe."

"Ufunguo wa miaka kumi na moja, Mzee," alisema Umeme.

"Najua ni mingapi."

Alivuta kibodi. Hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa ufunguo haufutwi ila na mwenyewe. Aliandika amri mstari mmoja, akasoma, akabonyeza. Kwenye skrini ya ukutani jina lake lilibadilika rangi, likapata mstari katikati. Kile alichokuja kukiokoa tangu asubuhi na mapema kilikuwa kimekwenda saa kumi na dakika arobaini, kwa mkono wake mwenyewe. Koplo, ambaye alikwisha kuona watu wakipoteza vitu vikubwa zaidi, alijikuta ameshika mgongo wa kiti.

"Sasa lebo," alisema Kobe. "Sista anasubiri. Nataka ufunguo mpya, nimrudishie namba nne."

Alitengeneza mwingine pale pale kwenye kadi tupu ya Katibu. Lakini ufunguo mpya hauna thamani yoyote hadi watu wawili wenye funguo zao, watunzaji au Katibu, wathibitishe kwamba mwenye nao ndiye. Hufanywa uso kwa uso, na kwa mdomo. Ndiyo desturi ya watu hawa, wasioamini kitu chochote kinachokuja kwa waya.

Umeme aliburuta kiti chake hadi mbele ya Kobe, magoti yao yakakaribia kugusana. Kobe alimpa kitambulisho. Umeme, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitazama kitu zaidi ya nukta tatu, alikishika kwa mikono miwili. Alitazama picha. Alitazama shavu lililovimba, macho mekundu, mvi. Alitazama muda mrefu hadi Mkuu, mwisho wa meza, akainamisha kichwa.

"Nimemwona kwa macho yangu," alisema Umeme kwa sauti ya wote kusikia. "Namjua. Ni yeye."

"Ni yeye," alisema Katibu, akishika kitambulisho kwa zamu yake.

Kobe alilia. Hakujificha. Alijifuta kwa kiganja, akavuta kibodi, akafungua chumba kitupu, na akaanza kuijenga namba nne ya kweli.